Uso wa Mtoto wa Msingaji

Jumapili, 20 Mei 1973

Liwa tena. Mama kausaga ule mti wa kunukia asubuhi, kanipaka, kaniambia nisicheke mpaka ikauke. Sikuwa na la kuchekea. Ikikauka uso unakaza, ukiosha chunusi ziko pale pale, zinanukia tu. Kidevuni tisa. Mashavuni sikuhesabu. Paji la uso nimelisamehe.

Miaka ishirini na moja. Walisema zitakwisha nikivunja ungo. Kisha wakasema nikifika ishirini. Sasa wanasema nikiolewa. Basi watafute wa kunioa, maana mimi simuoni.

Jumatano, 23 Mei

Leo imeniuma. Bi Rukia wa Mkunazini alikuja kumtaka Mama amsinge binti yake. Mama ndiye msingaji hapa Kikwajuni. Tangu sijazaliwa maharusi wanapakwa liwa na kusuguliwa singo ya majani na viungo kwa mikono yake mpaka wang'ae, na nyumba hii inakula kwa mikono hiyo. Nikatoka na kahawa. Bi Rukia akanitazama mimi, akaitazama kahawa, akanitazama tena. Akasema atarudi.

Jioni jirani katuletea maneno yake bila kuyapunguza: "Mwanawe mwenyewe yuko vile, wangu mie atamfanyaje?" Kamchukua msingaji wa Malindi.

Huyu wa tatu mwaka huu. Uso wangu unamfukuzia Mama watu.  Yeye kaenda kusaga liwa nyingine, ya kwangu.

Jumamosi, 2 Juni

Kifurushi kutoka kwa Nasra, mtoto wa mama mdogo, muuguzi huko Ulaya. Kakileta mtu kwa mkono. Soksi mbili, picha yake kavaa koti, na tyubu moja ndogo ya dawa. Anasema ni dawa mpya, asili yake vitamini A, na yeye mwenyewe imemsafisha.

Ndani mna karatasi ya Kiingereza iliyokunjwa mara nane. Nimeisoma mara tatu. Kiasi cha punje ya mbaazi kwa uso mzima. Kabla ya kulala, uso ukiwa mkavu kabisa. Usikae juani. Usisugue. Usichanganye na kitu kingine. Chunusi huzidi kwanza, ndipo zipungue. Wiki kumi na mbili.

Wiki kumi na mbili! Mtu anachumbiwa, anaolewa na anaachwa.

Nimemwambia Mama liwa basi kwa sasa. Kanuna mpaka kwenye chai.

Jumatatu, 4 Juni

Nimeanza. Punje ya mbaazi ni ndogo kuliko nilivyodhani. Sikuhisi chochote.

Jumapili, 10 Juni

Nahisi sasa. Pembe za pua zinawaka. Mashavu yanabanduka kama ganda la kitunguu. Nikitia ndimu kwenye mchuzi, midomo inalia. Mkuu wetu wa ofisi kaniuliza kama nimepata surua, akasogeza kiti chake. Nikaendelea kupiga taipu.

Ijumaa, 22 Juni

Mbaya kuliko zamani. Mpya saba, moja katikati ya nyusi. Mama hakuweza kuvumilia. "Nshakwambia mie! Dawa gani ya kumbabua mtu? Lete uso huo nikusinge, nongo yote hiyo itoke."

Nikamwambia huo si uchafu, si nongo, ni ngozi, na karatasi inakataza kusugua. Akasema karatasi haijamuoza mtu. Nikakataa. Sijawahi kuukataa mkono wake. Alisimama nao hewani, kisha akaufuta kwenye kanga.

Nimelia chooni. Nilitaka kuitupa ile tyubu. Nasra aliandika kwamba ikizidi kuchoma niruke siku moja. Nitaruka.

Jumanne, 3 Julai

Kipupwe, mbingu nyeupe, jua kali, nami na mwavuli kutoka ofisini mpaka Kikwajuni. Vijana wa barazani wameniona. "Dada, mvua inakunyea peke yako?" Nimewajibu kwamba inachagua walio safi. Wakacheka wao, nikacheka na mimi. Uso haukuuma.

Jumapili, 22 Julai

Siku sita hakuna mpya. Sisemi kitu. Ukisifu tu, zinasikia.

Alhamisi, 16 Agosti

Kidevu kitupu. Nimekipapasa leo ofisini mpaka mwenzangu akaniuliza kama jino linauma. Madoa yamebaki, lakini ni madoa tu. Nimepita Darajani bila kuvuta buibui usoni, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Raha ya kutotazamwa! Watu wazuri hawaijui.

Nilipofika nyumbani nikamsikia Mama ukumbini na majirani wawili. "Liwa hiyo," anawaambia. "Nilimwambia avumilie tu."

Hasira zikanipanda. Wiki zangu kumi, kachukua kama kanga iliyoanikwa uani. Nikafika mlangoni niseme. Kisha mmoja wao akaanza kuulizia siku Mama atakazokuwa na nafasi, ana mpwa wake anaolewa. Nikamwamkia, shikamoo, nikapita zangu.

Nimenyamaza kwa sababu ya tumbo. Naandika hivyo ili nisijidanganye.

Jumatatu, 27 Agosti

Wiki ya kumi na mbili imetimia. Sasa nitapaka mara mbili tu kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, tyubu isiishe.

Leo kaja Bi Mgeni wa Shangani na bintiye Zakia. Harusi Ijumaa ya tarehe 21 Septemba, kabla ya Ramadhani. Zakia ana chunusi kama zangu za mwezi Mei, utasema ni zile zile. Kakaa kainamisha kichwa, ameshika ncha ya ukaya wake wa kichwani. Kule kukaa nakujua.

Bi Mgeni alinishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga kama anayenunua papai. Akasema: "Nautaka uso huu."

Mama akasema inshallah.

Walipoondoka nikamwambia Mama wiki tatu hazitoshi kwa dawa yoyote, na liwa ndiyo kabisa. Akanijibu kwamba akikosa huyu wa Shangani, msingaji wa Malindi atachukua mji mzima. Hilo kweli. Tumelala na kweli mbili.

Jumatano, 12 Septemba

Zakia katiwa ndani kungoja harusi tangu jana. Mama anakwenda asubuhi na alasiri. Karudi kachangamka, hata kaimba jikoni. Anasema hajapata kuona nongo kama ya mtoto yule. Ukisugua kidogo tu inatoka, inajiviringa chini ya vidole, na uso unabaki mwekundu, mbichi. Kaniambia mara tatu.

Nafurahi akifurahi. Lakini mwari wa Shangani anayeoga mara mbili kwa siku, nongo yote hiyo kaitoa wapi?

Ijumaa, 14 Septemba

Jana Alhamisi, siku yangu ya kupaka. Tyubu iko mahali pake, lakini bapa, imekamuliwa mpaka shingoni. Kwanza nikadhani panya. Panya hafungi kifuniko.

Mama hakukana. Kaikamua ndani ya liwa, karibu yote, kampaka Zakia mara mbili kwa siku kwa siku tatu, na juu yake kasugua singo. "Kidogo kimekutoa wewe chunusi kwa miezi mitatu," kaniambia, "nikaona kingi kitamtoa yeye kwa siku saba."

Nikamwambia ile haikuwa nongo. Alikuwa akiichuna ngozi ya mtoto wa watu.

Mikono ya Mama inajua kitu kimoja: kinachojiviringa chini ya kidole ni uchafu, usugue mpaka uishe. Miaka yote hiyo ilikuwa kweli. Alikaa chini, hapo hapo kwenye sakafu, akaitazama mikono yake. Nilikuwa na maneno makali tayari. Nikakaa chini naye.

Leo asubuhi tumekwenda Shangani. Uso wa Zakia umevimba, unang'aa, pembe za mdomo zimepasuka. Bi Mgeni alikuwa akidhani ndiyo kazi inavyokwenda, akatupokea kwa haluwa. Njia nzima nilikuwa nikipanga jinsi ya kusema. Mama hakuningoja. Hakukaa hata chini.

"Bi Mgeni, nimemuunguza mwanao. Na uso wa mwanangu si kazi yangu. Nilidanganya."

Bi Mgeni hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema: "Siku saba zimebaki. Siku saba." Kisha akamwonyesha Mama mlango.

Nikabaki mimi na karatasi yangu. Niliwasomea yote, neno kwa neno, kwa Kiswahili. Hakuna liwa, hakuna singo, hakuna marashi. Maji ya baridi na mafuta ya mgando, basi. Bi Mgeni kasema mimi nirudi kesho. Mama asikanyage.

Jumamosi, 15 Septemba

Zakia haongei sana, mdomo unamuuma. Nilimwambia alie kama anataka. Akasema machozi yanachoma, kaacha.

Nilimpaka mafuta kwa ncha ya kidole. Nilimweleza ya kwangu, yale ya mwezi Juni, ya mwavuli, ya mkuu kusogeza kiti. Alitaka kucheka, akajizuia kwa mkono. Ana miaka kumi na tisa. Ananipenda bila ya sababu, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Kama ningesema neno moja tu mwezi wa Agosti, pale mlangoni, mama yake asingekuja kwetu kuutafuta uso wangu.

Jumanne, 18 Septemba

Uvimbe umeshuka. Sasa anabanduka vipande vipande. Shangazi yake alikuja na ndimu na chumvi, eti kukausha. Nimemnyang'anya ndimu mkononi, mtu mzima wa watu. Akanitukana, Bi Mgeni akamwambia: "Mwache, anajua anachofanya." Sikutegemea.

Nyumbani wanawake wawili wametuma watu kuvunja miadi. Yule mwenye mpwa mmojawapo. Jiwe la liwa kavu tangu Ijumaa. Mama haulizi ya watu, anauliza moja tu kila nikiingia: "Ushapungua?" Leo nimeweza kumwambia ndiyo.

Ijumaa, 21 Septemba

Harusi. Zakia katolewa ukumbini kafumba macho kama inavyopasa, hina mpaka viwikoni, wanja, asumini kichwani. Usoni hakuna kitu. Nilikataa poda, na Bi Mgeni akaniunga mkono. Zakia alikuwa mwekundu kama aliyetoka kupika maandazi. Puani kuna ganda dogo halijatoka. Chunusi zake zote zipo.

Wanawake walinong'ona. Nilikuwa nyuma, nikasikia jina la Mama likipita mkeka kwa mkeka. Mmoja akasema la kuvunda halina ubani. Sikujua kama anamsema Zakia au Mama. Nilitaka kumwagia sharubati.

Zakia akafumbua jicho moja, akanitafuta, akalifumba tena. Basi hapo nikapumua.

Nilimletea Mama nyumbani sahani ya biriani. Hakula. Nikamwambia lile nililolificha: kwamba siku ile alipowaambia majirani ni liwa, nilimsikia, na nikanyamaza kwa sababu watu walikuwa wakirudi. Nikamwomba radhi.

"Tumekula wote," akasema. Kisha akavuta sahani, akala kidogo.

Jumapili, 30 Septemba

Siku ya tatu ya kufunga. Chunusi mbili kidevuni. Tyubu imekwisha, nimemwandikia Nasra. Kesho nitakwenda kazini nazo zote mbili.

Zakia kamtuma mtu na salamu. Anasema ganda la puani limetoka, na mumewe kamuuliza kwa nini anatembea na mwavuli.

Jumatano, 10 Oktoba

Alasiri kaja mama mmoja wa Mwembetanga, simjui, na binti yake. Ndoa baada ya Sikukuu. Yule mama alikuwa kasikia kila kitu, mji huu haufichi. Aliitaka ile dawa ya tyubu. Alisema kama imenitoa mimi, mtoto wa Bi Zuhura, itamtoa na wake, ila atumie kwa akili.

Nilikuwa nachambua mchele. Nikaacha kuchambua. Tangu harusi ile Mama hajapata kazi hata moja, na tunafuturu kwa mshahara wangu.

Mama akamwambia: "Sina. Na hiyo si kazi yangu mie. Liwa yangu inalainisha na inanukia. Chunusi haiponyi, haijapata kuponya. N'tamsinga mabega, mikono, miguu. Usoni n'tamwosha kwa maji."

 Yule mama akamtazama binti yake, mwenye chunusi zake chache kwenye paji. Binti akatazama mkeka. Nilidhani watainuka.

Akauliza: "Mabega utaanza lini?"

Mama akamwambia wiki ya pili ya mfunguo mosi. Wakaagana.

Walipotoka Mama akanigeukia. Akasema ni mara ya kwanza maishani mwake kumwambia mtu jambo asiloliweza, na ulimi wake umekauka kuliko kwa saumu. Kisha akauvuta ungo wa mchele upande wake, tukachambua pamoja mpaka adhana.