Nimesema Alikuwa Amelewa

Mama,

Nimemvua nguo mwana wa kaka yako mbele ya watu. Nakwambia mwenyewe, kabla hujasikia kwa mwingine, maana habari za mtaa wetu wa Wiyoni zafika hata makaburini. Bakari amefungwa. Na watu wasema aliyemfunga si hakimu. Ni mimi, Mwanaesha wako, yule ambaye ukimtuma dukani alirudi mikono mitupu kwa sababu alikuta wanaume wamesimama mlangoni.

Sijui kama umenikasirikia. Kama umekasirika, basi tumekasirikiana, maana mimi pia nina hasira na wewe, na leo sitaki kuizungusha.

Ulitufundisha, mimi na wasichana wote wa madrasa yako, kwamba aibu ya mwenzio ukiiona uifunike. Ulisema hivyo huku ukitusuka nywele, huku ukitusahihisha herufi, mpaka sisi wenyewe tukawa tunawaambia wadogo zetu. Nilikuamini. Wewe ndiye uliyeniruhusu nisome Kurani nikiwa nyuma ya pazia la mlango, kwa kuwa nikitazamwa sauti yangu ilikauka. Wenzangu walikucheka, ukawajibu, "Mungu haoni pazia, someni nanyi." Kwa hiyo si kwamba sikujua nilichofundishwa. Nilijua, nikakataa.

Mama, nataka tuikumbuke ile siku ilivyokuwa, kwa sababu hapa nyumbani imebadilishwa.

Ilikuwa baada ya alasiri. Mama Mdogo alikuwa amejifungua kisiwani Pate, na wewe ulitaka kuwahi boti, begi la nguo za mtoto begani, na chupa ya mafuta ya nazi ya kumkandia mzazi umeikumbatia kama mtoto mwenyewe. Tulipofika steji ya boda, zamu ilikuwa ya Bakari. Wenziwe walikuwa wameketi juu ya pikipiki zao, wanatutazama. Akasimama, akafungua mikono.

"Shangazi! Karibu, karibu. Yeo wabebwa kama biharusi!"

Alikuwa anatafuna iliki. Alikuwa amejipulizia manukato. Lakini chini ya iliki na chini ya manukato, tembo la mnazi lilikuwa limeketi kama mwenye nyumba. Nikakuvuta buibui. Ukanifinya mkono. Nikakuvuta tena, na ndipo ulipoinama ukaninong'oneza sikioni maneno ambayo tangu hapo sijalala bila kuyasikia:

"Nimesikia harufu. Nikikataa hapa, wote watajua. Nyamaa."

Ukapanda, Mama. Ulipanda ukijua. Hukutaka kijana wa watu aaibike mbele ya wenziwe, kwa hiyo ukamkabidhi roho yako. Ukakaa upande, ukakusanya buibui lako vizuri, ukamwambia, "Pole pole, baba," na yeye akacheka: "Hii ndia naijua hata nikifumba mato, shangazi!"

Mimi nilipanda ya nyuma, kwa kijana mwingine. Niliona kila kitu.

Pale kwenye kona, penye nyumba inayojengwa, punda wa Mzee Kombo alikuwa amesimama kando kando kabisa ya njia, mahali anaposimama siku zote, anakula kadibodi. Hakusogea. Naapa hakusogea. Pikipiki ya Bakari ilianza yenyewe kwenda kushoto, taratibu, kama mtu anayesinzia akainamia bega la jirani, kisha ikavamia lile rundo la mawe. Bakari akaangukia mchangani. Wewe

Hapa siandiki. Unajua.

Mafuta ya Mama Mdogo yalimwagika yote. Punda aliinua kichwa, akatutazama, akarudi kwenye kadibodi yake.

Sasa nikwambie usichokiona. Vijana wa steji walimkimbilia Bakari kwanza. Wewe ulikuwa umelala pale, nimekushika kichwa, napiga kelele kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na wao walikuwa wanambeba yeye kumpeleka kwao. Walimwosha. Wakambadilisha nguo. Wakamnywesha kahawa chungu birika zima. Polisi walipofika kumwona, alinuka sabuni. Hawakufanya hivyo kwa ubaya, Mama. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Walifanya vile ulivyotufundisha. Walimfunika.

Na kwa sababu lazima mtu alaumiwe, wakamlaumu punda. Kabla matanga hayajaisha punda alikuwa ameshahukumiwa. Wanawake waliokuja kulia walikuwa wanasema huku wanachuja chai, "Yule punda wa Kombo hana adabu, amekatiza ndia." Mwingine akasema alimwona akikimbia. Punda yule! Tangu nimjue sijamwona akikimbia, hata mvua inyeshe.

Kisha Mzee Kombo mwenyewe akaja. Alivua viatu nje, akaingia, akapiga magoti mbele ya Baba, mzee mzima yule, machozi yanamchuruzika kwenye ndevu. "Bwana Ali, nisamehe. Sikumfunga. Ningemfunga, Bi Zena angekuwa hai."

Baba alikuwa anajua. Nilikuwa nimeshamwambia. Mjomba Shee, kaka yako, baba yake Bakari, alikuwa ameketi papo hapo na kikombe cha kahawa mkononi, na yeye alijua kuliko sote. Nikasubiri mmoja wao aseme. Mjomba akatazama ndani ya kikombe. Na Baba, Baba yangu niliyemwona siku zote hawezi kusema uongo hata wa mzaha, akamshika mzee bega, akamwambia, "Ni kadari, Mzee. Imekwisha, tumekusamehe."

Tumekusamehe! Mama, tulimsamehe mtu ambaye hakutukosea, ili tusimtaje aliyetukosea. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na sinia la vikombe. Ndipo nilipojua kwamba guo tunalomfunikia mtu mmoja huwa tumemvua mwingine. Mzee Kombo alimuuza punda wake kwa watu wa Manda. Siku hizi mchanga wa ujenzi aliokuwa akimbebesha punda anaubeba kwa toroli, akisukuma mwenyewe.

Mjomba aliniita kando baadaye, kwa upole, kama anavyojua.

"Mwanaesha, mwanangu. Wewe ulikuwa nyuma. Umeona punda?"

"Nimemwona amesimama."

"Basi hukuona kitu. Binti asiyeona kitu haitwi kortini, akasimamishwa mbele ya wanaume. Nakutakia heri tu."

Alijua pa kunigusa. Alijua naogopa watu kuliko naogopa moto.

Kisha akaja afande mmoja wa polisi, mwanamke wa bara, mrefu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaketi mkekani miguu imemshinda kukunja, akanywa chai. Aliniuliza, nikamwongeza chai. Akauliza tena, nikatazama vidole vyangu. Hakukasirika. Akasema, "Sikiza, msichana. Mimi sina kipimo cha pombe, kijana alishaoshwa. Bila kipimo na bila shahidi, hii ni kesi ya punda. Atatozwa faini kidogo, kesho yuko steji."

Nikamuuliza, na hiyo ndiyo sauti yangu ya kwanza aliyoisikia, "Kwani sheria ya ulevi iko na huku kisiwani kwetu Amu?"

Usinicheke. Sote tulidhani ni ya bara, ya lami, ya magari na wale polisi wenye mashine ya kupuliza. Huku kwetu pikipiki na punda wapishana vichochoroni, nani angedhani?

"Iko," akasema. "Nayo ilipanda boti ikaja, kama mimi. Chombo ni chombo, na njia ni njia. Kuendesha ukiwa umelewa peke yake ni faini ama kifungo, ama vyote viwili. Mtu akifa kwa uendeshaji wa hatari, kifungo kinaweza kufika miaka kumi, na leseni inafutwa. Lakini sheria haina pua. Inataka mtu mwenye pua."

Baba alisikia yote. Afande alipoondoka akaniambia neno moja tu, na ndilo lililoniweka kitandani siku nyingi bila ya homa: "Ukisema ulisikia harufu, watakuuliza, na mamako je? Utamvua na mamako."

Ndiyo. Hilo ndilo nililokuwa nalo tumboni, Mama. Bakari peke yake ningemsema mapema. Nilichoogopa ni wewe. Watu wakuite mpumbavu. Waseme Bi Zena, mwalimu wa watoto wetu, alipanda kwa mlevi kwa hiari yake. Nilikuwa nakutetea kwa kunyamaza, mpaka nikaona kwamba wewe ulikufa kwa kunyamaza kama huko huko.

Nikaenda kituo cha polisi nikaandika ushahidi wangu.

Kortini hakuna pazia. Nilipewa Msahafu nikaapa. Karani akaniuliza nitasema kwa lugha gani. Nilikuwa nimejizoeza kwa Kiingereza, mbele ya kioo, maana Kiingereza ni kama sare ya shule: naivaa, naivua, haijui jamaa zangu. Neno la ulevi kwa lugha ile ni jepesi, halina mjomba, halina shangazi. Lakini nikamwona Mjomba Shee mstari wa mbele na koti lake la Idi, nikajua nikisema kwa Kiingereza yeye atatafsiriwa maneno yangu, na mimi sitaki atafsiriwe. Nikasema, "Kiswahili."

Nikasema alikuwa amelewa. Sikusema alikuwa na kizunguzungu, wala usingizi, wala shetani alimpitia. Nikasema amelewa, tembo la mnazi, nimelisikia.

Wakili wa Bakari akasimama. Alikuwa anatabasamu.

"Wewe ni binti wa Kiislamu?"

"Ndiyo."

"Umelelewa na mwalimu wa madrasa?"

"Ndiyo."

"Basi hebu tuelezee, binti wa madrasa. Harufu ya tembo, wewe umeijulia wapi?"

Watu wakaguna. Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Haya sasa!" Nilihisi mashavu yanawaka. Zamani ningekufa pale pale. Lakini jibu lilikuwa moja tu, na lilikuwa la kweli.

"Kwa Bakari," nikasema. "Tangu nikiwa darasa la sita."

Mama, hata hakimu alishika mdomo. Wakili akakohoa, akafungua faili, akalifunga, akajaribu upande mwingine.

"Na marehemu? Naye alisikia hiyo harufu?"

Hapo nikamtazama Baba. Akafumba macho.

"Alisikia."

"Akapanda?"

"Akapanda."

"Kwa nini mtu mwenye akili zake apande?"

"Kwa adabu," nikasema.

Hakuna aliyecheka kortini. Nilidhani watacheka, nilikuwa nimejitayarisha. Nikaona wanawake wa Wiyoni wanatazama chini mmoja mmoja, na nikajua kwa nini. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye hajapanda kwa adabu.

Bakari alipatikana na hatia. Amefungwa miaka kadhaa, na akitoka haruhusiwi kushika usukani. Alipopitishwa karibu yangu hakunitukana. Alisema, "Mwanaesha, ningekuwa wewe ningenifunika." Nikalia hapo, kwa sababu nampenda, ndiye aliyenifunza kuendesha baiskeli. Lakini sikujuta. Usinisubiri nijute.

Mambo yaliyobadilika ni haya. Mjomba hatusalimii. Mama Mdogo hajaniandikia tangu hukumu, ingawa mtoto kampa jina lako, na hilo hawezi kulifuta. Wazazi wengine wamewatoa wasichana wao kwenye madrasa yetu, wengine wamewarudisha kimya kimya. Nawasomesha mimi, uso kwa uso, sauti inatetemeka lakini inatoka. Baba alikwenda kwa Mzee Kombo. Sikuwepo, na wote wawili hawasemi walichoambiana. Najua tu kwamba alirudi hana kofia, na kofia yake iko kichwani kwa Mzee Kombo.

Na steji, Mama! Ungeona steji ungecheka mpaka ukae chini. Wanawake sasa hawapandi ovyo. Bi Khadija jirani yetu ndiye aliyeanza. Anamsogelea kijana mpaka karibu na mdomo, kwa heshima zote, anamwambia, "Hebu sema Bismillahi, mwanangu, nikusikie." Akisema na harufu safi, anapanda. Akiigeuza shingo, Bi Khadija anapaza sauti steji nzima isikie: "Huyu Bismillahi yake imelewa! Nani mwenye zamu ya pili?" Vijana wamenipa jina, wakiniona waniita Kipimo. "Kaeni sawa, Kipimo apita!" Nilidhani nitaona haya. Naitika.

Wako wanaosema nimeiharibu nti hii yetu, kwamba zamani watu walikuwa wakistiriana. Nawaambia zamani mama yangu alikuwa hai.

Nakuombea kila sala. Nakuombea msamaha kwa siku ile, maana kujitupa hatarini pia ni kosa, hata ukijitupa kwa upole. Uniombee na mimi kama huko kuna kuombeana.

Lala salama, Mama yangu. Nakuahidi kitu kimoja. Mlevi yeyote atakayenikaribisha, awe mwana wa mjomba, awe mume wangu, awe sheikh, nitamkatalia mbele ya watu, kwa sauti. Na nikichelewa kufika huko uliko, usiwe na wasiwasi, usiulize kwa wapitao. Jua tu nakuja kwa miguu.

Mwanao,
Mwanaesha