Kwa Amri ya Shérif

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Wewe uliyeokota daftari hili, nakusihi, lifunge hapa hapa. Kama macho yameshaponyoka na kusoma, basi meza ulichosoma. Usimwambie mkeo, usimwambie padri wala imamu. Humu hamna siri za mapenzi. Humu mna mambo ya ofisi yetu; yakisomwa kuna watakaoumia, na wa kwanza ni mimi.

Naitwa Karima. Miaka ishirini na sita, shahada ya lisansi ya historia, na namba ya mtumishi wa serikali sina hadi leo. Mwaka wa pili huu ni karani wa ofisi ya mtaa, chini ya mkuu wa mtaa, chef Eddy. Barua zote naandika mimi. Sahihi naweka mimi pia — chef hapendi kushika kalamu. Chini ya kila karatasi: P.O., yaani kwa amri, kisha sahihi yangu, kisha mhuri. Ndivyo alivyokuta, anasema.

Mtaa mzima unamwita Shérif. Anapenda! Kofia pana, nyota ya bati kifuani, kazi ya fundi wa sufuria. Jumamosi ya tarehe 14 atasherehekea miaka kumi kitini. Leo kaniita.

— Karima, wewe ulisoma histoire, non?

— Ndiyo, chef.

— Alors, uniandikie histoire ya shérif. Hapana ya cowboy. Ile ya kwanza kabisa, ya Angleterre. Wageni wajue cheo hii haikuanza na mimi.

Israël, anayelinda mlango, akadakia: "Chef, lakini itaishia kwa wewe!" Tukacheka. Chef akaacha kucheka. Na sisi tukaacha.

Jumatano, 4 Septemba

Asubuhi nzima maktaba ya chuo, na madaftari yangu ya zamani. Nilisahau jinsi ninavyopenda kazi hii.

Kabla Wanormani hawajavuka bahari mwaka 1066, kila jimbo la Uingereza lilikuwa tayari na mtu wa mfalme. Jina lenyewe, sherifu, maana yake ni msimamizi wa jimbo. Aliitisha baraza la hukumu, alikamata, alifunga, alilinda ngome. Alipokea barua za mfalme na kuzijibu. Na leo? Vazi tu. Koti la mahameli, upanga kiunoni, mwaka mmoja wa kupokea mahakimu na kupunga mkono. Nguvu zilinyofolewa kidogo kidogo, karne baada ya karne, likabaki vazi.

Nilimsomea chef. Alisikia koti na upanga tu.

— Na velours, hiyo mahameli, tunaipata marché central?

— Chef, kwa jua hili!

— Niache nitoke jasho. Ni cheo.

Israël anasema upanga upo: panga la mama yake la kukatia majani, tulivike karatasi ya fedha.

Sikumsomea mwaka 1170. Mfalme alirudi kutoka ng'ambo baada ya miaka, akatuma watu kila jimbo wawaapishe wananchi na kuwauliza: sherifu wenu amewachukulia nini? Wananchi wakasema. Masherifu wengi wakafukuzwa.

Nimesoma mstari huo mara tatu. Waliulizwa!

Alhamisi, 5 Septemba

Kuna mtu anakohoa ndani ya depo, ghala la nyuma ya ofisi.

Namjua. Mohamadi, seremala wa kando ya barabara kubwa. Chef anataka pale pawe buvette yake ya kuuzia bia. Mohamadi amekataa kuhamisha karakana. Juzi aliitwa ofisini. Barua ya kumwita niliandika mimi, P.O., na nilidhani amesharudi kwake.

Mkewe, mama Ramla, alikuja saa nne na sufuria ya mboga ya pondu imefungwa kitambaa.

— Bwana yangu iko wapi?

— Alienda, mama, akajibu Israël. Juzi.

— Alienda na mguu gani? Kiatu chake hiki hapa kwa mlango yenu.

Kweli. Kiatu kimoja, chini ya benchi. Israël alitazama dari. Mimi nilitazama mashine ya umeme ya kuandikia.

Ijumaa, 6 Septemba

Wenzangu walipokwenda kusali nilijifanya natafuta faili. Nilipitisha maji na kipande cha chikwangue, mkate wa muhogo, chini ya dirisha la depo, penye kioo kilichovunjika.

— Aksanti, mademoiselle. Wewe ni mutoto ya nani?

— Ya papa Sefu, fundi wa kofia.

— Ah! Nilimufanyia kabati. Akakohoa. — Unajua huu mlango nilifanya mimi? Mwaka wa elfu mbili kumi na tisa. Mbao ya libuyu tupu, bawaba tatu. Nilimwambia chef: hii hata tembo hapasui. Sasa nimeisukuma siku tatu. Ni kazi nzuri, mademoiselle. Kazi nzuri sana.

Alicheka. Mimi sikuweza.

Kifua chake si kizuri. Sakafu ni saruji na mvua inaingia.

Jumatatu, 9 Septemba

Mama Ramla amekwenda kushtaki parquet, kwa mwendesha mashtaka. Leo barua imefika: chef amlete Mohamadi, au aseme yuko wapi.

Chef hakuinua kichwa. Alikuwa akipimwa koti.

— Andika introuvable.

— Chef, lakini...

— Lakini nini? Wewe umemuona?

Fundi aliacha kupima. Israël alikohoa kidogo, kama kunionya. Nikasema: hapana, chef.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo niliandika kwa mkono. "Ametafutwa katika mtaa wote, hakuonekana." Mwandiko wangu mzuri wa shuleni. P.O. Sahihi yangu. Mhuri. Israël akaipeleka kwa baiskeli.

Jina la chef haliko popote. Ni jina langu. Mimi ndiye niliyemtafuta mtaa mzima, mimi ndiye ambaye sikumwona.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekuta kitu!

Masherifu wa zamani walijibu vivyo hivyo. Mfalme anaagiza: niletee fulani. Sherifu anaandika nyuma ya barua: hakuonekana katika eneo langu. Mara nyingine kweli, mara nyingine uongo mtupu. Na makarani wao ndio walioandika. Mambo yakiharibika sherifu anaruka: jibu hilo silijui. Ndipo mwaka 1318, mjini York, ikatungwa sheria: kila sherifu anayejibu barua ya mfalme aandike jina lake mwenyewe kwenye jibu, ijulikane ni nani wa kuulizwa.

Jina lake mwenyewe.

Nimefikiri sana, hata chai ikapoa. Parquet wataandika tena, lazima. Hapo nitamwambia chef jambo hili. Kwa upole. Kama sehemu ya historia.

Jumatano, 11 Septemba

Wameandika tena, kwa ukali. Chef athibitishe ndani ya saa arobaini na nane kwamba anasimama na jibu lake.

Niliingia na barua na hotuba pamoja. Nikasema: chef, kuna jambo zuri nimelipata. Sherifu wa kweli hakusainiwa na karani. Alisaini mwenyewe, jina zima, na mfalme mwenyewe alilijua jina lake.

— Mfalme mwenyewe?

— Ndiyo, chef. Sheria ya 1318.

— Na hawa wa hapa wananiletea P.O., P.O., kama niko mtoto! Lete kalamu.

Alifanya mazoezi kwanza kwenye gazeti. Mara nne, mara tano, mkia wa herufi ukizunguka kama mkia wa kinyonga. Kisha akasaini: jina zima, na chini yake, kwa herufi kubwa, SHÉRIF. Juu ya sahihi, jibu lile lile: mtu huyu hakuonekana.

Nilitoka nje nikacheka nyuma ya choo mpaka machozi. Nina fotokopi. Niliikunja ndogo nikaificha mwilini. Tangu Jumatatu sikuwahi kupumua vizuri hivi.

Depo sikupita. Israël alikuwa amekaa pale.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimeipeleka barua mwenyewe. Nilikuwa nimekusudia kusema pale pale: yuko ndani ya depo, nyuma ya ofisi, nendeni sasa. Nilipanga maneno njia nzima.

Mama wa mapokezi, jina lake Sara kwenye kibao, alipokea, akagonga mhuri, akanitazama.

— Kuna ingine, mademoiselle?

— Hapana, mama.

Hapana! Kwa nini? Nilijiambia: karatasi iko salama sasa. Sherehe ipite kwanza, chef atakuwa amelewa, hatashuku. Jumatatu nitasema, bado ni mapema. Mtu mwangalifu hakurupuki.

Ijumaa, 13 Septemba

Mlango wa depo uko wazi.

Ndani kumefagiliwa. Makreti ya bia mpaka dirishani. Nilisimama kama mtu aliyesahau alichotumwa.

— Iko wapi? nilimwuliza Israël.

— Nani?

— Israël.

Akasogea karibu. Hakuwa na mzaha leo. — Walimubeba. Saa kumi na mbili ya asubuhi, gari nyeupe, njia ya Bangboka. Chef alisema anahitaji nafasi ya bia. Hakuweza kusimama, dada. Walimushika huku na huku.

— Walimpeleka wapi?

— Usiniulize. Nina watoto tatu.

Ndani chef aliita: Karima! Discours iko tayari?

Ilikuwa tayari. Kurasa tano, safi, bila kosa hata moja.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika haraka. Niko kwa mama Ramla, saa tisa ya mchana. Muziki wa sherehe unasikika mpaka huku.

Chef alisoma vizuri, siwezi kumnyima. Koti jekundu, jasho likitiririka, panga limevikwa karatasi ya fedha. Alipofika kwenye 1318 alipaza sauti: "Sherifu wa kweli hasainiwi na mtu!" Wakapiga makofi. Papa mmoja mnene akasimama: "Huyo! Huyo ndiye wetu!" Maneno yangu. Nilikuwa nikigawa vikombe.

Mama Ramla alisimama nje ya ua, na sufuria ile ile. Nilitoka nikamwambia yote. Depo, kikohozi, gari.

Hakupiga kelele. Aliweka sufuria chini.

— Wewe ulijua tangu siku gani?

— Alhamisi ile, mama. Ulipokuja.

— Siku tisa.

— Ndiyo.

— Na ulikuwa unangoja nini, mwanangu?

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo nguoni, limekunjwa. Nilimtolea fotokopi, nikamweleza sahihi hii ni ya nani na inafaa nini. Aliitazama mbele na nyuma. Akanirudishia.

— Basi wewe umepona, akasema.

Kisha akanishika mkono akanileta hapa. Sijui kwa nini alinishika mkono.

Israël amepita sasa hivi, hakuingia. Aliongea dirishani: mgeni mmoja, mwanasheria, amemwuliza chef kwa nini anajivunia kusaini mwenyewe majibu ya parquet. Chef ameuliza Karima iko wapi.

Daftari namwachia mama Ramla. Ataliweka mkononi mwa hakimu wa parquet Jumatatu, si kwa mtu mwingine. Bwana hakimu, ukisoma hapa: barua ya tarehe 9 ni uongo wangu, nimeuandika mimi, nitasema hivyo mbele yako. Ya tarehe 11 ni ya chef, kopi ninayo. Simu yangu usipige, nimeitoa chipu. Nitakuwa ng'ambo ya mto, Lubunga. Shuka bandarini, fuata njia ya kushoto mpaka shule yenye paa la buluu, uliza Colette anayekaanga ndizi za makemba. Atakuambia hanijui. Mwambie Émilie amekutuma. Émilie ni dada yangu, ndivyo tulivyopatana na Colette. Njoo mchana, kwa miguu, na usije na mtu wa mtaa wetu.

Lakini usianze kwangu. Tuma watu kwanza njia ya Bangboka, waulize kila mtu anayeuza kando ya barabara: gari jeupe, Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, mwanamume wa miaka hamsini, mguu mmoja hauna kiatu, anakohoa. Mimi naweza kungoja.