Kidole cha Mama Vero

Jumatatu, 8 Juni
Asubuhi nimefufua ordinatere sita, kompyuta za ofisi, kwa mukono mumoja. Biro nzima ya mradi wa mbegu ilisimama, bantu banalia juu ya kazi zao. Nikaingia. Nikagusa. Vioo vyote vikawaka. Kamina hii haina fundi mwingine kama minyi.

Basi, uongo. Mama Vero, yule anayefagia, alichomoa waya mukubwa ili achaji simu yake. Nikaurudisha. Halafu nikabaki chini ya meza nusu saa, napumua kwa nguvu, bafikiri kazi ni ngumu.

Jioni nikaweka kidole kwa mashini ya mulangoni, ile inayoandika nani amekuja na nani ametoka. Mashini ikanishukuru: merci. Nilipiga misumari yake minyi mwenyewe, kwa amri ya ajansi. Muntu anajenga jela yake, tena anaipima na timazi ili ukuta usipinde.

Zimebaki siku ishirini na mbili.

Jumanne, 9 Juni
Vumbi. Baridi ya asubuhi. Magoti yanalia.

Nafikiria ile ajansi ya Lubumbashi. Haina mbegu, haina ordinatere. Inakodisha bantu. Mradi unataka fundi, ajansi inaleta fundi. Kama wale wa kukodisha baiskeli sokoni. Minyi ni baiskeli. Nilifanya simu za reli miaka thelathini, najua nyaya, na vijana wote bamekimbilia migodi ya Kolwezi. Njo maana balinichukua na mvi zangu.

Siku ya kutia sahihi kontra, mukataba wao, balileta kurasa nne za Kifaransa. Miwani niliiacha nyumbani. Nilifika darasa la sita tu, lakini mbele ya mamzeli, binti wa ajansi mwenye kucha nyekundu, nani atasema hivyo? Nikatikisa kichwa kama askofu. Nikasema nimesoma. Balichukua karta yangu ya uchaguzi, ile ya kweli, baiweke ndani ya dosie, faili lao, hadi kontra iishe. Bila ile karta muntu hana jina. Askari wa bariere barabarani anakuangalia kama mbuzi aliyepotea.

Tarehe 30 kontra inaisha. Nachukua karta, narudi kwetu Bukama. Mudogo wangu Banza alikufa wakati wa mvua. Lupango lake, nyumba na kiwanja, halina muzee. Nimechoka na Kamina. Nimechoka na merci.

Jumatano, 10 Juni
Mujane wa Banza amepiga simu. Bakwe banakuja Jumamosi ya tarehe 20 kuleta mahari ya Godelive, binti yake.
“Yaya, kaka mukubwa, nani atakaa ku kiti ya baba yake?”
“Minyi.”
Neno lilitoka kabla sijalifikiria. Tarehe 20 iko mbele ya 30. Hata darasa la sita linajua hiyo.

Ijumaa, 12 Juni
Nimeomba ruhusa ya siku nne. Shefu wa mradi hakuinua hata macho.
“Papa Ilunga, weye hauko muntu wangu. Uko wa ajansi. Uliza kule.”
Nikapigia ajansi.
“Papa, huko uko chini ya shefu wa mradi. Akubali yeye kwanza.”
Nikarudi kwa shefu. Akacheka. Nikapiga tena. Mamzeli akakasirika.
“Ukikosa siku tatu, papa, kontra inakufa palepale. Ukurasa wa tatu. Si ulisoma?”
“Nilisoma sana.”
Kontra ikifa, na karta yangu je? Itazikwa nayo? Sikuuliza. Muntu aliyesoma haulizi.

Jumapili, 14 Juni
Misa. Padri alihubiri uvumilivu. Yeye hana mashini ya kidole.

Jumatatu, 15 Juni
Nimegombana na imprimante, mashini ya kuchapa. Imeshinda.

Mujane amepiga tena. Bameshanunua kuku wa bakwe. Nikasema nakuja. Hasira ikanipanda, nikala bukari baridi, ugali wa jana, nikalala mapema kama mutoto aliyechapwa.

Jumanne, 16 Juni
Nimepata. Sijui kwa nini nilichelewa hivi. Uzee, labda.

Nani ana namba ya siri ya mashini ya mulangoni? Minyi. Mashini inajua sura? Haijui. Inajua kidole. Mama Vero anaweka gumba la kulia kwa jina lake. La kushoto linakaa bure, halina kazi, linakula tu.

Nikamwita, nikaandikisha gumba lake la kushoto kwa jina langu. Sasa gumba la Vero ni Papa Ilunga.
“Papa, hii haiko zambi?”
“Zambi iko ya kulia. Ya kushoto iko musaada.”
“Na bakinikamata?”
“Sema ulikuwa unapanguza vumbi.”
Alicheka mpaka akakalia ndoo. Shefu anakwenda Malemba-Nkulu kesho, wiki nzima. Mungu naye ana ujanja wake.

Jumatano, 17 Juni
Behewa la nyuma la treni ya mizigo. Ba-ancien wa reli, benzangu ba zamani, bamenificha kati ya magunia ya mahindi, bananitania njia yote. Eti fundi wa ordinatere anasafiri kama muhogo. Hakuna aliyeuliza karta. Hawa bananijua tangu niko na meno yote. Lakini nilijificha. Umri huu, na ninajificha. Sikupenda.

Jumamosi, 20 Juni
Bukama. Bakwe bamekuja saa nne na shuka, jembe, chumvi, mbuzi wawili, na musemaji mumoja anayependa sauti yake. Akauliza kama baba wa binti yuko.
Nikasema niko.
“Sisi tulisikia baba alikufa.”
“Alikufa mumoja. Kwetu ba-baba habaishi.”
Bantu bakapiga makofi. Godelive akapiga magoti akanipa kikombe cha maji. Nikanywa yote. Kiti cha Banza kina mguu mumoja mufupi. Ukikaa vibaya kinakutupa. Miaka yote alikaa hivyo na hakuniambia.
Nililia nyuma ya nyumba. Si sana.
Mujane akasema, “Yaya, ukirudi mwisho wa mwezi, utakuta chumba chako kimepakwa rangi.”

Jumanne, 23 Juni
Nimerudi jana. Nimetazama mashini. Papa Ilunga alikuwako kila siku, saa kumi na mbili na dakika hamsini. Kwa miaka yote sijafika saa hiyo hata mara moja. Vero amenifanya muntu mwema. Nimecheka peke yangu.

Ijumaa, 26 Juni
Sicheki tena.

Barua ya ajansi. Shefu aliisoma kwa sauti mbele ya biro yote, bakapiga makofi. Pongezi kwa bwana Ilunga, fundi pekee asiyekosa hata siku moja. Kwa hiyo, kadiri ya ukurasa wa tatu, kontra yake inajirefusha yenyewe miaka miwili. Karta yake inabaki salama ndani ya dosie. Tena, kwa kuwa mashini imefanya kazi vizuri, namba ya siri sasa itashikwa Lubumbashi.

Nikaomba kopi ya kontra, na miwani ya shefu. Nikakaa choo cha biro nikasoma ukurasa wa tatu, kidole chini ya kila neno. Fundi akikosa siku tatu bila sababu, kontra inavunjika. Na karatasi zake zote zinarudishwa kwake ndani ya wiki moja.

Zinarudishwa.

Mamzeli alinionyesha mulango na minyi nikafikiri ni kaburi. Ningekwenda Bukama wazi, kifua mbele, bila gunia la mahindi, leo karta iko njiani. Ni ujanja wangu ulioufunga. Nilitaka kuvunja kiti. Ni cha mradi. Nikakiacha.

Jumatatu, 29 Juni
Leo sikwenda kazini. Nilikaa nyumbani, naosha miguu, nahesabu siku ya kwanza kati ya tatu. Saa tisa nikapita kuona.
Mashini: Papa Ilunga, saa mbili na dakika hamsini.
Nikamkuta Vero na fagio.
“Vero, weye uliweka kidole?”
“Sikukuona, papa. Nikajua uko mugonjwa. Nikakusaidia.”
“Nani alikuomba?”
“Ukikosa, bataanza kuuliza. Bakiuliza, batafika ku gumba yangu. Minyi njo batafukuza, haiko weye.”
Ana watoto watano. Na kufuta gumba lake siwezi tena, namba ya siri iko Lubumbashi. Nilitukana reli, ajansi na mababu. Vero alisubiri nimalize, akaendelea kufagia.

Jumanne, 30 Juni
Siku ya Uhuru. Biro imefungwa. Mbali nasikia tarumbeta za fanfari, halafu hazisikiki tena. Nimekaa mulangoni na chai. Mujane ametuma habari: chumba kimepakwa nyeupe.

Nafanya mazoezi ya maneno ya kesho. Mama Vero, nikiondoka kwa kukosa kufika kazini, hakuna atakayechunguza muzee mvivu. Bazee banachoka, dunia yote inajua. Gumba lako halitauliziwa. Na bakiuliza, nitasema ni minyi nililiandikisha kwa kukosea, sikuvaa miwani. Hiyo batasadiki.

Tena, Vero, mwezi wa nne ulivunja kioo cha gari la shefu na fagio, na nikasema ni baiskeli yangu. Sijakuomba kitu juu ya hiyo. Sasa naomba. Kesho, kesho kutwa na Ijumaa, weka gumba la kushoto ndani ya mufuko wa tabliye, aproni yako. Siku tatu tu. Liache lilale.