Thiripi Chumbani Kwetu

Jumatatu, 2 Machi
Banda letu la kupandia hoho limefungwa. Utepe mwekundu mlangoni, utadhani ndani kuna maiti. Kisa ni thiripi — mdudu mwembamba kuliko uzi, ukikohoa unampeperusha! Majani yamebabuka, yana madoa ya rangi ya fedha.

Mtaalamu wa wadudu amekuja. Mwanamke mfupi, lenzi inaning'inia shingoni. Tumeshambatiza Mama Lenzi. Anasema thiripi wako wa aina nyingi. Akiwa yule mwenyeji wa siku zote, tunapiga dawa, kazi inaendelea. Akiwa yule mgeni anayeogopwa, hoho zote zinang'olewa na kuchomwa, na sisi tuliokuja nchi hii kwa mkataba wa banda hili tunarudishwa makwetu. Ngazi, mwenzangu wa chumbani, akauliza huyo mgeni anajulikanaje, ana pasipoti? Watu wakacheka. Mama Lenzi hakucheka.

Jumanne, 3 Machi
Nimekung'uta maua juu ya karatasi nyeupe, nikampelekea Mama Lenzi kichupa kizima. Akaguna. "Baba, umeniletea watoto watupu." Wakubwa walikufa kwa dawa aliyoipiga msimamizi wa banda kwa pupa, wameharibika wote. Hawa wameanguliwa baadaye. Na watoto hawatambuliki. Wa mwenyeji, wa mgeni — wote njano, wote hawana mabawa. Lazima wakue. Jike mzima ndiye anayeangaliwa, nywele za kichwani, katikati ya macho.

Nywele! Mdudu nisiyemwona vizuri ana nywele!

Ili wakue wanataka joto. Ofisi yake baridi, chumba chetu kimepakana na boila inayopasha mabanda joto. Basi nimekabidhiwa chupa ya mdomo mpana, udongo kidogo chini, vipande vya maharage mabichi, kitambaa juu. Mimi niliyeacha shule kabla ya kumaliza, leo mlezi wa wadudu.

Alhamisi, 5 Machi
Ngazi kanuna. "Unamlisha atakayekufukuza!" Anataka chupa ilale nje kwenye baridi. Nikasema wakifa hatutajua, na banda halitafunguliwa. Akasema kutojua ni nafuu. Halafu akaongeza: ndugu yangu, na sisi si wageni hapa? Mbona hawajatukagua nywele?

Nilicheka peke yangu bafuni.

Ijumaa, 6 Machi
Nimepiga simu nyumbani. Mke wangu akampa mtoto simu. Niliondoka hajaota meno. Akauliza, sauti kama ya karani: "Wewe baba yupi?"

Mama yake akacheka. Eti pale nyumbani kuna baba mkubwa, baba mdogo, mtoto anawachanganya. Mimi sikucheka. Nikasema huenda nikarudi mapema. Mke wangu akasema: "Nyumba haijaezekwa, Baba. Ila rudi."

Nishike lipi? Haijaezekwa, au rudi?

Jumapili, 8 Machi
Wameganda. Wameshuka kwenye udongo, hawatikisiki. Nimegonga chupa — wapi! Nikafurahi, kumbe kweli kutojua ni nafuu. Papo hapo nikajiona kama nimeua mtu. Nikamgeukia Ngazi, nikamwita mchawi. Akaapa kwa mama yake hajagusa kitu. Tulipigiana kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Mama Lenzi kawaangalia muda mrefu. Hawajafa. Wanageuka kuwa wakubwa. Wakati huu hawali, hawatembei. Niwaache.

Nimemwomba Ngazi radhi. Kasema atafikiria.

Jumanne, 10 Machi
Nimechungulia kwenye hadubini ya Mama Lenzi. Kwanza thiripi wawili aliowahifadhi kwenye vioo, mmoja mweusi, mmoja njano. Nikasema hawa hawana undugu. Akasema la, ni aina moja! Akaweka wengine wawili, pacha kabisa. Hao sasa ndio mbalimbali. Mmoja nywele zake ndefu pale kati ya macho, mwenzake fupi. Nikatazama mpaka jicho likatoa machozi. Nywele nilizoziona zilikuwa kope zangu.

Sasa sijui hata ninamwombea mdudu wangu awe nani. Akiwa mwenyeji, nabaki. Akiwa mgeni, mtoto atajua baba yupi. Chini ya turubai, labda, kwa kuwa paa hakuna.

Jumatano, 11 Machi
Mmoja ameota mabawa! Membamba, yana manyoya pembeni. Jike au dume, sijui. Wengine bado wameganda. Mama Lenzi amepigiwa simu, yuko njiani.

Nimetoka kunawa uso, namkuta Ngazi ameshika chupa, amefungua kitambaa nusu. "Mzee, aende zake. Sisi tubaki." Hakuongea kwa hasira. Ana watoto wanne.

Nimeziba mdomo wa chupa kwa kiganja. Ngazi hakunisukuma. Kakaa kitandani. Naandika kwa mkono mmoja, herufi zinayumba. Mdudu amepanda kioo, yuko kiganjani pangu, ananitekenya — au nadhani tu.

Harage limekauka. Nimemwambia Ngazi anikatie jingine, mkono wangu hauna nafasi. Kaangalia kisu. Kaangalia chupa.

Anakata.

Anauliza, kikubwa au kidogo? Sijui. Akishakuwa mzima sijui anakula kiasi gani. Sijui hata kama ni mwenyeji au mgeni.