Jipu la Fizi na Msomaji Wangu wa Kwanza

Jumapili, Tabora. Manyunyu tangu alfajiri, na moyo wangu mweupe. Meno yangu ya bandia yametimiza wiki kinywani, na leo nimetafuna muhindi wa kuchoma mpaka gunzi.

Nikiwa natafuna nikalikumbuka jino la kwanza kuniaga.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Nilikuwa msichana, mwalimu wa elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja njia ya Sikonge. Gego la chini lilikuwa limetoboka, nami nikawa nalifukia karafuu na kujidanganya. Fizi ikaumuka, ikafanya jipu, shavu likajaa hata jicho likawa dogo.

Nikiri hapa: mimi niliyewafundisha watu wawahi zahanati, niliogopa koleo.

Ijumaa nikaingia darasani nimejifunga kanga usoni. Mdomo haukufunguka. Mayu Kalunde, yaani Mama Kalunde kwa Kinyamwezi, mkulima wa tumbaku aliyewazidi wote umri darasani, akainuka. Huyu ndiye aliyekuwa akilalamika kila jioni kwamba herufi zinamteleza. Akaichukua chaki mkononi mwangu.

"Kaa, mwalimu. Leo tutakusomea sisi."

Wakasoma ubao mzima, kwa kukwama na kucheka. Walipomaliza, Mayu akaazima baiskeli ya mumewe, akanipakia nyuma, akanipeleka zahanati ya kijiji cha pili. Kila shimo la barabara lilinifikia kwenye taya.

Mganga alikuwa mpole. Akanichoma sindano ya ganzi, akalipasua jipu, usaha ukatoka, na nusu ya maumivu ikatoka nao. Akasema jino ataling'oa uvimbe ukishapungua. Kwa sasa nisukutue kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi na nimeze dawa. Akanipa bahasha ndogo ya vidonge. Macho yangu yalikuwa yamejaa machozi, sikuona kilichoandikwa. Nikampa Mayu anishikie.

Akaisogeza bahasha karibu na dirisha. Akazifuata herufi kwa kidole.

"Ki-do-nge ki-mo-ja. Ku-twa ma-ra ta-tu." Akanigeukia. "Ndivyo inavyosema, mwalimu, au nimekosea?"

Nje ya ubao wangu, hayo yalikuwa maandishi ya kwanza kuyasoma maishani mwake.

Nikatikisa kichwa kumkubalia, nikalia kwa sauti. Mganga akadhani ganzi imeisha, akaanza kutafuta sindano nyingine. Mayu akamwambia aache, huyu halii jino.

Siku saba alikuja asubuhi, mchana na jioni kunisomea bahasha ileile, ingawa sote tulikuwa tumeshaikariri. Nilikunywa dawa kwa nidhamu ya askari. Jino liling'olewa wiki iliyofuata, na sikuhisi kitu; nilikuwa nimeteseka bure kwa woga.

Vidonge vilipokwisha, akaniomba ile bahasha tupu. Nilidhani anataka kuwekea ugoro. Kumbe alitaka kumsomea mumewe, ambaye hakuamini.

Nilihamishwa mwaka uleule. Nilimshukuru kwa kunibeba kwenye baiskeli. Kwa kunisomea, sikumshukuru. Niliona aibu, nikidhani mwalimu hashukuru kwa kusomewa.

Ulikuwa ujinga wa ujana. Mayu, kwa umri aliokuwa nao siku zile, hatakuwa hai tena. Jumamosi napanda basi la Sikonge nikawatafute watoto wake, niwaambie mama yao alivyosoma.