Maziwa Yaliyokwenda Wodini

Bariadi,
Jumatano.

Kwa Mama yangu mpendwa,
Nyalikungu, Maswa.

Asalaam aleikum Mama, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka salama, na lile goti lililokusumbua ulipokuwa unarudi Maswa limepoa. Sisi huku hatujambo. Mustapha anakusalimu, yuko dukani. Mjukuu wako Maua ametimiza siku thelathini na tatu leo, mashavu yamejaa, na akilia mtaa mzima unajua. Asiyetulia ni mimi. Tangu asubuhi nimekaa kuandika mara nne na mara nne nimeinuka, mara nimchungulie mtoto, mara nianue nguo ambazo hata hazijakauka.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Mama, kuna jina ambalo nikilitamka kwenye simu unakata. Barua angalau itakusubiri mezani mpaka hasira ipungue. Nimempa Kulwa, jirani yangu wa chumba cha pili, anayekuja Maswa kesho, na nimemwomba akukabidhi mkononi.

Nianze na kukamua, maana mambo yote yalianzia hapo. Siku ya tatu baada ya kujifungua maziwa yalijaa kwa mara moja. Matiti yakawa magumu kama mawe, chuchu zikapasuka, Maua akawa anashika na kuachia huku analia, na mimi nalia naye. Jioni homa ikapanda. Kulipokucha Mustapha alinirudisha hospitali. Muuguzi mmoja, Sista Felisita, alinikanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akanifundisha kukamua kwa vidole, kisha kwa pampu ya mkono. Niliona aibu sana. Kulwa alipoiona ile pampu nyumbani alicheka mpaka akakaa chini, akasema kwao anakamuliwa ng'ombe tu. Lakini uvimbe ulishuka, mtoto akashika titi vizuri, na maziwa yakawa yanabaki.

Sasa rudi nami hospitali siku hiyohiyo. Nilipokuwa natoka, kwenye benchi nje ya wodi ya watoto njiti, nilimwona mwanao Imrani.

Tafadhali Mama, usikunje karatasi.

Alikuwa amekonda, viatu vimeganda udongo mweusi wa Bukundi. Aliponiona alisimama akanisalimu Kisukuma, "Mwangaluka, dada," halafu akajishtukia, akanisalimu kama tulivyozoea nyumbani. Miaka miwili ya kulima pamba na wakwe zake imemgeuza ulimi. Neno lililofuata lilikuwa kuuliza kama wewe ni mzima. Hapo ndipo akanieleza kwamba mkewe, Nyamizi, alipatwa na kifafa cha mimba ikiwa na miezi saba, wakaletwa kwa gari la wagonjwa kutoka Meatu. Mtoto wa kiume alitolewa kwa upasuaji, kilo moja na gramu mia tatu. Nyamizi alikuwa hajazinduka, na maziwa hakuwa nayo hata tone.

Hakuniomba kitu, Mama. Angeniomba pengine ningepata la kumjibu. Nilifika nyumbani nikakamua, nikasimama na kikombe juu ya karo nimwage, mkono ukakataa.

Asubuhi iliyofuata nilimwuliza Sista Felisita kama inawezekana. Akasema haiwezekani kwa huruma tu, lazima vipimo. Daktari akanipima damu, majibu yakatoka safi, Imrani akatia sahihi. Aliyesita ni Mustapha. Aliniuliza, "Rahma, unajua akinywa anakuwa mwanao? Yeye na Maua watakuwa ndugu, hawataoana maisha yao yote. Hapo hakuna kurudi nyuma." Nikamwambia najua. Aliichukua chupa ya maziwa na tangu siku hiyo akawa anaipeleka mwenyewe.

Ulipokuja siku ya saba kumwona Maua ulinikuta nakamua, ukaniuliza kwa nini najisumbua na mtoto ananyonya vizuri. Nikasema natunza akiba ya siku nitakaporudi dukani. Ukauliza Mustapha anapeleka wapi chupa kila asubuhi, nikasema kwa dada yake, kwenye friji. Nilikudanganya Mama, na wewe ukanichemshia vikombe vya pampu kwa mikono yako, siku tatu mfululizo, ukisisitiza maji yachemke hasa. Maziwa ya vikombe hivyo yalipita kwenye mrija mwembamba puani mwa mtoto wa Imrani. Nisamehe kwa uongo huo.

Nyamizi alizinduka siku ya sita baada ya upasuaji. Maziwa yake yalianza taratibu, nikamfundisha kukamua kama nilivyofundishwa, tukawa tunakaa kitanda kimoja kila mmoja na kikombe chake. Ni mtu wa maneno machache, lakini ananiita wifi na macho yake hayakimbii. Mtoto sasa ana kilo moja na gramu mia tisa, ananyonya kwa mama yake. Wamempa jina Masunga, la baba wa Nyamizi. Najua hutalipenda.

Sasa ninalokiri, Mama, ndilo lililoninyima utulivu asubuhi yote. Sikukamua kwa huruma peke yake. Ustadhi alitufundisha madrasa, nawe ulikuwa ukiturudia nyumbani, kwamba akishiba mara tano udugu umefunga. Siku ya kwanza nilimwuliza Sista kila mlo. Alipofikisha wa tano nilitabasamu peke yangu kwenye korido. Nilijua ulichosema kuhusu ndoa ya Imrani na mke asiye wa dini yetu, kwamba mtoto wake hatakuwa mjukuu wako. Basi nikatafuta njia nyingine ya kumleta kwako. Masunga ni mwanangu wa kunyonya. Ukimkataa Imrani, hilo ni kati yenu wawili. Lakini mtoto aliyeshiba maziwa yangu bibi yake ni wewe, na dini unaijua kuliko mimi.

Ijumaa wanaruhusiwa, na watakaa kwangu mpaka Masunga awe na nguvu ya safari ya Bukundi. Arobaini ya Maua ni Jumatano ijayo. Sitamficha mtu chumbani utakapofika. Kama hasira bado unayo, njoo nayo, Mama, nitaipokea mlangoni pamoja na mzigo wako.

Nisalimie majirani wote wa hapo, na usiache kupaka dawa ya goti. Maua anaamka, niishie hapa.

Ni mimi binti yako,
Rahma