Niliwauliza Askari Hati

Baba Asuman,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Watoto wasitoke nje leo.

Asubuhi askari walipomchukua jirani yetu Augustin, niliwauliza hati ya mahakama iko wapi, kama tunavyofundishwa kwenye darasa la sheria la jioni. Ukanivuta mkono, ukawaambia, "Msameheni, mke wangu ana wazimu." Wakacheka, wakaondoka naye. Najua uliniokoa. Lakini Asuman alisikia, na sasa ananitazama kwa woga.

~~Usinisubiri.~~ Nisubiri, naogopa njia ya kurudi.

Hortense, mkewe Augustin, akija, mpe chai. Akiuliza nani atamtetea mumewe, mwambie yule mwendawazimu amekwenda kufanya mtihani wa sheria.

Mama Asuman